Kiwiko cha Mbithe

Mbithe Musyimi alizaliwa Kanyangi, katika shamba la mtama, na kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kuwinga ndege. Alirusha mawe asubuhi, akarusha mawe jioni, hadi kiwiko chake kikajua kukunja na kufyatua bila kuagizwa. Alipofika sekondari, mwalimu Gedion alimpa mpira mwekundu wa kriketi. Mbithe akaurusha, ukang'oa vijiti vyote vitatu vya wiketi. Mwalimu alipiga makofi kama mtu aliyeokota dhahabu. Hakuna aliyemwambia kwamba anayemrushia mpigaji ni lazima anyooshe mkono kama mchi, na kwamba kufyatua kiwiko ni haramu.

Miaka ikapita. Mbithe akawa fundi wa pande zote, wa kupiga kwa gongo na wa kurusha mpira. Alichezea klabu ya Makueni, na siku za kazi aliuza mbegu sokoni Kikima. Kisha mwaka jana mwamuzi mmoja akamnyooshea mkono kando mara tatu mfululizo: mpira batili, umekunja kiwiko. Habari ikawafikia wateuzi wa timu ya taifa. Wakasema wapigaji wanao tele; Mbithe wangemchukua kwa kazi zote mbili, la sivyo abaki kwao.

Samaki mkunje angali mbichi, nao wahenga hawakusema lolote kuhusu kumkunjua akishakauka. Mbithe alijifunga kipande cha ubao mkononi kwa leso, akawa anarusha kwenye mchanga wa mto uliokauka hadi bega likavimba. Mama yake alimwombea kanisani, kiwiko kikatajwa mbele ya waumini wote. Mkono ulinyooka kweli. Kasi ndiyo iliyopotea.

Siku ya fainali ya kombe, pale mjini Wote, mama mmoja mteuzi wa timu ya taifa, aitwaye Gakenia, aliketi nyuma ya kamba ya mpaka wa uwanja akitazama. Mbithe alimwona, akaingiwa na hofu. Tangu asubuhi, kila kapteni Waruguru alipomwita arushe, Mbithe alisingizia bega. Sasa mchezo ulikuwa umefika kwenye raundi ya mwisho, over moja ya mipira sita tu, na wapinzani walihitaji mikimbio saba, yaani pointi saba, ili washinde. Kila mtu alijua mpira ni wa Mutindi, mrushaji wao hodari. Waruguru, ambaye alikuwa anastaafu baada ya siku hiyo na hajawahi kushika kombe lile, akampa Mbithe.

"Captain, mpe Mutindi."

"Nimekupa wewe. Bowl."

Mbithe alimchukia wakati huo. Alidhani anatolewa kafara ili akishindwa lawama iwe yake. Mwamuzi wa pembeni alisogea hatua moja, akakikodolea macho kiwiko chake. Mpira wa kwanza ulitoka polepole, ukapigwa. Wa pili vivyo hivyo. Mwamuzi hakunyoosha mkono, lakini wapinzani walizidi kuzoa mikimbio, na ulipobaki mpira mmoja, walihitaji mikimbio miwili tu.

"Tupa ule wako wa zamani!" mtu akapaza sauti.

Mwili wake wote uliutaka. Ule wa zamani ungepita kabla mpigaji hajainua gongo, na huenda mwamuzi asingeona. Huenda. Mbithe alikimbia, akauzungusha mkono ukiwa umenyooka kutoka begani hadi vidoleni. Mpira ukaenda taratibu. Mpigaji akaungoja, akaupiga ukavuka kamba.

Walishindwa. Mutindi alikaa kwenye nyasi akilia.

Gakenia alikuja moja kwa moja. "Mipira sita, na kiwiko hakijacheza hata kidogo," akasema. "Jumatatu uripoti kambini."

Mbithe alifurahi, kisha akaionea aibu furaha yake. Akamfuata Waruguru, aliyekuwa akivua glavu zake za kudakia karibu na wiketi.

"Captain, nimekupotezea kombe."

"Najua. Mutindi angetushindia," Waruguru akasema bila kumtazama. "Lakini siku nzima wewe unajificha, na ilikuwa imebaki over moja. Huyo mama mteuzi angekuona lini?"

Waruguru akavua glavu ya pili, akampa Mbithe amshikie, akaenda kumpa mkono kapteni wa wale waliokuwa wakishangilia.