Benchi la Fundi Viatu

Fundi viatu anayekaa karibu na genge langu la chai hapa Same ana vidole vyeusi kwa gundi, na hubana misumari midomoni huku akiendelea kubishana. Redio ikitangaza kwamba taifa fulani limeomba radhi kwa mambo ya vita, huitema misumari yote kiganjani. “Wameombea kwenye kipaza sauti? Kwetu Upareni mwenye kosa huja, huketi, hunywa chombo kimoja na aliyemkosea.” Babu yake alichukuliwa kijijini Gonja na Wajerumani kubeba mizigo ya vita, hakurudi, na fundi ameapa kutopokea radhi ya mbali.

Juzi binti wa Kijerumani, mgeni wa usharika wetu wa kanisa, alileta ndala iliyokatika. Nikamweleza habari ya babu yake fundi. Uso ukamwiva. “Shikamoo, babu. Naomba radhi,” akasema, kasimama.

“Marahaba. Kaa kwanza, mjukuu wangu.” Fundi akampangusia benchi kwa kofia yake, wakanywa kikombe kimoja cha chai ya tangawizi yangu, ambayo mjini hapa haina mpinzani. Binti akakohoa, fundi akacheka.

“Mimi na wewe yamekwisha,” akamwambia. “Serikali yako bado. Waambie benchi lipo.”