Dubu Hana Mama Mkwe

Jirani yangu Fransiska, hapa Pito, hamwonei wivu mumewe Adriano hata akirudi mnadani usiku. Wivu wake wote ameuweka kwa bintiye, Redempta. Mtoto huyo alipoachishwa ziwa alipelekwa Kate kwa bibi yake mzaa baba, Avelina, kama tunavyofanya wengi, ili mama alee mimba nyingine. Mimba ile ikaharibika. Redempta akabaki kulekule.

Mwaka huu Fransiska akasikia kwamba mtoto anamwita bibi "mama", na yeye anaitwa "mama wa Pito". Siku ile nilimwona akifua mashuka yaliyokuwa safi.

Jioni akaja kwangu kutazama televisheni. Walikuwa wanaonyesha dubu wa Amerika, wale wakubwa wa kahawia. Jike huingia pangoni msimu wa baridi, huzaa humohumo katika usingizi wake mrefu, na hunyonyesha miezi kadhaa bila yeye mwenyewe kula kitu. Hutoka amekonda, watoto nyuma yake. Hukaa nao miaka miwili, mitatu, akiwafundisha kuchimba mizizi na kuvua samaki. Dume akisogea, jike humkabili hata kama dume amemzidi mwili.

"Otilia, huyu hana mama mkwe," Fransiska aliniambia.

Hakungoja mwisho. Asubuhi alipanda basi la Kate.

Alitegemea ugomvi, na nadhani aliutamani. Lakini bibi Avelina alifunga nguo za mtoto na unga wa ulezi, akaomba tu mtoto anywe uji kwanza kabla ya safari. Wema huo ulimchoma Fransiska kuliko tusi lolote. Redempta alilia njia nzima.

Hapa Pito mtoto akagoma kula. Unga ulikuwa uleule wa bibi. Fransiska alikoroga uji mzito, akaukoroga mwepesi, akatia karanga, akatia sukari, na mtoto akafunga mdomo. Fransiska akaanza kusema bibi amemtilia mtoto dawa. Nikamwambia aache upuuzi.

Kesho yake alimleta kwangu amembeba, mtoto amelegea. Ndipo nikamsimulia kipande cha wale dubu alichokikimbia. Mtoni, dubu wengi wanapokutana kuvua, mtoto mmoja alimfuata jike asiye mama yake, na jike yule akamnyonyesha pamoja na wa kwake.

Nilidhani atauliza mama wa yule mtoto alifanya nini.

"Alishiba?" akauliza.

"Alishiba."

Akatoa simu palepale. "Shikamoo mama," alimwambia bibi Avelina. "Njoo Pito. Uje ukae na sisi."

Bibi alifika na basi la kwanza. Nilisikia Redempta akicheka kabla sijamwona mgeni. Baadaye Fransiska akaja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda na kujifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Nina wivu, Otilia," alisema. "Hautaisha leo. Lakini amekunywa bakuli zima."