Mbwa Mwenye Woga

Jumamosi nilikwenda Gumbo, ng'ambo ya mto, kwa muuza mbwa, nikitaka mbwa mkali. Nilimkuta mama mmoja na binti yake, msichana anayependa kupanda farasi wa jirani kila jioni. Binti alitaka mbwa wa kukimbia naye huko porini, ambako risasi husikika mara kwa mara.

Muuzaji akamleta dume mkubwa. "Hii haogopi kitu, mama. Hata bunduki."

Mama akamshika binti mkono. "Basi huyo hapana. Nipe mwenye anaogopa. Akisikia risasi akimbie nyumbani, na huyu msichana amfuate na farasi."

Binti akachuchumaa mbele ya jike mwembamba aliyejificha nyuma ya pipa, akamnyooshea kiganja anuse.

Nilivuka daraja kurudi mjini bila mbwa. Ukali sikuutaka tena.