Maji ya Kupimia Udongo

Baba alikuwa ameacha kunywa maji. Si kwamba hakuwa na kiu. Midomo ilikuwa imempasuka. Aliacha kwa sababu kila alichokunywa kilimlazimu kutoka nje, na tangu kiharusi kimpoozeshe upande mmoja, kutoka nje kulimaanisha mimi na mama tumkokote hadi choo cha shimo kule mwisho wa boma, huku majirani wakipita njiani na kusalimia. Mtu aliyekuwa mzee wa kanisa sasa alikuwa akihesabu mafunda. Muuguzi alinionya waziwazi kwamba akiendelea hivyo, figo zake hazitavumilia. Basi nikaamua choo kijengwe ndani, kando ya chumba chake, nikamwita fundi.

Fundi hakuanza na matofali. Alisema tangi la maji taka si kazi. Kazi ni kujua maji yakitoka mle yataishia wapi. Udongo wetu huku chini ya soko la Kyumbi ni ule mweusi, unaopasuka nyufa kiangazi na kunata mvua ikija. Alichimba mashimo matatu nyuma ya nyumba, ya kufika pajani, akayajaza maji yaliyoletwa na punda, akataka yalale humo usiku kucha ili udongo ushibe kwanza. Udongo mkavu hudanganya, alisema. Kesho yake angejaza tena na kupima kwa rula maji yanashuka kiasi gani kwa nusu saa.

Asubuhi mashimo yote matatu yalikuwa matupu. Sijui kama nimewahi kufurahia shimo maishani mwangu, lakini siku hiyo nilifurahi. Fundi hakuwa amefika, nami sikuwa na subira ya kumngoja. Nilimwambia baba kwamba udongo umekubali, kwamba atapata choo chake cha kukalia, mlango aufunge mwenyewe. Akaomba uji. Alimaliza kikombe kizima, akaomba cha pili. Nililia pale pale mbele yake, na sioni haya kusema.

Fundi alipokuja alijaza tena, akasimamisha rula. Nusu saa ikapita. Maji hayakushuka hata unene wa ukucha. Tukangoja nusu saa nyingine, mimi nikiitazama ile rula kana kwamba macho yangu yangeweza kuyasukuma maji chini. Mwishowe fundi aliinama ukingoni, akanionyesha alama za jagi kwenye matope, halafu nyayo zilizoelekea kwenye sukuma wiki ya mama. Shina kwa shina, ilikuwa imelowa.

"Hii mchanga imekataa, madam," alisema. "Na tangi ikijaa, lori ya kunyonya haiwezi fika hapa. Siwezi kukudanganya."

Nilimgeukia mama kwa ukali ambao sijajisamehe hadi leo. Nilimuuliza kama anataka kumuua baba kwa ajili ya mboga. Mama, ambaye tangu utotoni alichota maji kwa kufukua mchanga wa mto uliokauka, alijifuta mikono kwenye leso.

"Maji ilikuwa imekaa tu, mwana wakwa. Ningeiacha hapo ifanye nini?"

Udongo ungekataa hata kama asingechota tone, na nililijua hilo wakati ule ule nikimfokea. Kilichoniuma ni vile vikombe viwili vya uji, na ni mimi niliyevipeleka.

Baba aliita. Tulimshika, mama huku na mimi kule, tukapita nyuma ya nyumba kwa kuwa ndiyo njia ya chooni. Alipofika kwenye mashimo alituambia tusimame. Aliyatazama yale maji, yametulia tuli, na rula bado imesimama katikati.

Tulipomrudisha kitandani, nilikuwa namfunika miguu aliposema, bila kunitazama:

"Kesho usinipikie uji."