Niliambiwa Nimekufa Siku Tatu Baada ya Kuuza Pikipiki

Polisi walinipigia simu Jumatatu asubuhi kuniambia kwamba nimekufa.

Sikuwa nimelewa. Nilikuwa kwangu Kiminini, nimekaa jikoni, nakula viazi vitamu na chai.

"Wewe ni nani wa Hiram Kibe?" sauti ya mwanamume ikauliza.

"Ni mimi Hiram Kibe."

Akapandisha sauti. "Mzee, hii si kitu ya mchezo. Mimi ni polisi, niko hapa Bungoma. Hiram Kibe aliaga jana alfajiri. Yuko mochari, na tumetafuta watu wake tangu Ijumaa."

Niliangalia mikono yangu. Mke wangu, Rahab, akauliza ni nani huyo.

Halafu nikakumbuka pikipiki, na kile kiazi nikakirudisha kwa sahani.

Wacha niwaambie vile ilienda. Mkitaka kunitukana, nitukaneni, lakini mjue mimi nimeshajitukana vya kutosha.

Mimi ni mtu mwangalifu kupita kiasi. Binamu yangu Ngige alitumiwa meseji feki ya pesa na mnunuzi wa mbali, akapeana nduthi yake, yaani pikipiki, huku anacheka, na hajawahi kuiona tena. Kwa hivyo nilipoamua kuuza yangu, kwa sababu magoti yamechoka, niliapa hakuna mtu atanicheza.

Nikaweka picha kwa Facebook. Walipiga wengi. Mmoja ati nimtumie pikipiki kwa lori kwanza, halafu yeye ndio atume pesa. Nikamuuliza kama kwao wote wako hivyo ama ni yeye tu, nikakata.

Kisha akapiga Wanyonyi, kutoka Kabuchai.

Huyu alinisalimia vizuri, akaulizia na watu wa nyumbani. Akauliza kama injini imewahi kufunguliwa. Aliniambia amekata miwa ya watu miaka sita, na sasa anataka kubeba maziwa mpaka Kimilili kwa pikipiki yake mwenyewe. Tukapatana aje Ijumaa.

Kuna jamaa anaitwa Derrick, broka wa pikipiki pale Kitale mjini. Nilimnunulia chai anifundishe. Akaniambia mkutane mchana, mbele ya benki. Pesa iingie kwa akaunti, na usiamini meseji, ingia ndani uulize. Mtu akitaka kuijaribu, aache kitu yake.

La mwisho alilisema kwa sauti ya chini. "Ukishauza, zima hiyo laini ya simu siku tatu. Pikipiki ikikohoa kidogo, mtu wa mbali atataka umrudishie pesa. Siku tatu zikiisha, atakuwa ashazoea."

Nilicheka, lakini nilishika.

Ijumaa Wanyonyi akafika Kitale, tukakutana mbele ya benki. Mwembamba, mpole, amevaa jaketi ya kijani iliyopauka. Kuijaribu pikipiki aliniachia hiyo jaketi pamoja na mkate mkubwa aliokuwa amenunulia watoto. Akarudi anacheka mpaka nikaona pengo lake. Tukaingia benki, pesa ikahesabiwa, ikaingia. Tukaandika makubaliano, tukatia sahihi. Nikaenda cyber, pale kwa kompyuta za kulipia, nikaanzisha uhamisho wa logbook, ile hati ya umiliki, kwa upande wangu. Ikabaki yeye kukubali kwa upande wake.

Sasa, simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyo na intaneti, na neno la siri la akaunti yake ya serikali alikuwa amelisahau. Akasema kuna mtu wa cyber Bungoma anamjua, angemaliza naye Jumatatu.

Hapo ndipo ujanja wangu ulinimaliza.

Nikafikiria, huyu akikawia, pikipiki bado iko kwa jina langu. Akigonga mtu, nitaitwa mimi. Nikamwambia aniachie kitambulisho chake, na ile karatasi ya makubaliano ikae kwangu pia, mpaka Jumatatu akikubali. Huku kwetu tunashika vitambulisho vya watu kama rehani na tunaona ni kawaida.

"Mzee, na nikisimamishwa njiani?" akauliza.

Nikampa fotokopi ya logbook na fotokopi ya kitambulisho changu. Juu yake nikaandika namba yangu kwa kalamu nyekundu.

"Waambie wanipigie. Nitawaeleza."

Akanishukuru. Jamani, mtu huyo alinishukuru. Alikunja zile karatasi akaziweka mfuko wa ndani wa jaketi, akafunga mkate nyuma, akawasha.

Kabla hajapotea machoni, nilikuwa nimeshazima laini.

Nililala vizuri siku hizo tatu. Jumapili kanisani nilisimama mbele ya watu nikatoa ushuhuda vile Mungu amenilinda na wakora. Watu wakapiga makofi. Wanyonyi alikuwa amekufa asubuhi hiyo hiyo, na mimi sijui.

Jumatatu nikawasha simu. Meseji kumi na tisa zikaingia, zote za namba moja nisiyoijua. Nikasema haya, pikipiki imekohoa. Sikufungua hata moja. Ndio polisi akapiga.

Alinieleza yote. Ijumaa jioni, chini ya Kimilili, trekta ya miwa ilikuwa imeharibika barabarani, bila taa, bila hata matawi ya kuonya watu. Mvua ilikuwa inanyesha. Wanyonyi hakuiona. Simu yake ilipotea hapo hapo alipoanguka, na kitu pekee walichompata nacho ni karatasi zenye jina langu. Picha kwenye fotokopi ilikuwa nyeusi tu, na uso wake ulikuwa umevimba. Hakuna mtu angejua.

Kitambulisho chake kilikuwa kwa waleti yangu, mfuko wa nyuma. Nilikuwa nimekikalia.

Rahab alikuwa amesikia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba Nduta, soma hizo meseji."

Zilikuwa za Nakhumicha, mke wa Wanyonyi. Bwana yake alikuwa amemwandikia namba yangu kwa kalenda ya ukutani kabla hajatoka nyumbani.

Ya kwanza: "Habari baba. Wanyonyi ametoka huko saa ngapi?"

Ya tano: "Baba bado hajafika na simu yake haiendi."

Ya mwisho ilikuwa ya Jumapili. "Baba najua uko na kazi yako. Ukipata nafasi niambie tu alipitia njia gani, tutembee nayo tukimtafuta."

Nililia. Mzee wa miaka hamsini na mbili, mbele ya sahani ya viazi.

Nikampigia. Alishika kabla hata haijalia vizuri. Nikamwambia anikute Bungoma, aje na mtu wa familia. Nilisikia tu ameketi chini.

Tulikutana nje ya mochari, nikawaeleza yote, hata habari ya kitambulisho. Tukaingia. Kwa mguu wa Wanyonyi kulikuwa na kipande cha karatasi kimefungwa kwa uzi, na kimeandikwa Hiram Kibe. Sijui mnaelewa ninachosema. Nilisoma jina langu kwa mguu wa mtu mwingine, na mkewe amesimama kando yangu.

Tukitoka, muuguzi aliyemhudumia Wanyonyi wodini akaja. Anaitwa Everlyne, msichana mdogo, macho yamechoka. Alikuwa amesikia kuna makosa ya jina, akataka kujua mgonjwa wake alikuwa nani hasa.

Akatuambia taya ilikuwa imevunjika, hangeweza kuongea. Lakini aliishi siku mbili, na masikio yalikuwa yanasikia.

"Tulikuwa tunamwita," akasema. "Hiram, Hiram, fungua macho. Kila tukimwita anatikisa kichwa. Tukadhani ni maumivu. Tukawa tunaita zaidi."

Akaniangalia. "Na ile namba tulipiga. Tulipiga sana."

Nilitamani Nakhumicha anipige kofi. Ningesimama hapo anipige mpaka achoke. Hakufanya hivyo. Alinyoosha mkono.

"Nipe kitambulisho yake."

Nikatoa, nikampa. Alikipangusa kwa leso, akatazama ile picha muda mrefu.

"Angesikia jina yake hata mara moja," akasema. "Mara moja tu."

Shemeji aliyekuja naye akamshika bega, wakaenda.

Tulimzika Kabuchai wiki iliyofuata. Nilikaa nyuma kabisa na Rahab. Padri alipotaja majina ya marehemu, yote mawili, nilisikia Nakhumicha akiyarudia kwa sauti.

Humu kwenye hili kundi kila siku mnaulizana namna ya kuuzia mtu wa mbali pikipiki bila kuchezwa. Mambo ya benki na ya mchana, fuateni, ni ya kweli. Lakini kitambulisho cha mtu mrudishieni mkononi, na makubaliano yawe mawili, kila mtu aende na yake. Na simu muiache ikiwaka mpaka aseme amefika.

Mimi nilikuwa naogopa mnunuzi. Sikuwahi kufikiria kwamba hata yeye ana haki ya kuniogopa.

Ile laini sijaizima tena tangu siku hiyo. Naiweka kando ya mto nikilala. Nakhumicha ana namba, bado iko kwa kalenda yake, lakini hajawahi kuniandikia tena.