Mandazi ya Jaji

Kila nikinusa mafuta ya mandazi, narudi kwenye apatimenti yetu ya Irving, Marekani, enzi naishi na mama mdogo. Ndege zinapita juu ya paa mpaka sufuria zinatetemeka, na yeye anazishinda kwa kelele: "We kiumbe, amka! Jaji hasubiri wavivu!"

Mama mdogo alivunjwa mguu na mzigo kwenye ghala alilokuwa akifanya kazi, kule Grand Prairie, akalifungulia kesi. Kesi ilikuwa haijaanza hata kusikilizwa, bado tuko kwenye kile kipindi cha pande mbili kudaiana ushahidi. Watu wa ghala wakataka simu yake. Simu nzima, na vyote vilivyomo, waone kama kweli anaumwa au anakata kiuno harusini.

Shida ni kwamba ndani ya simu ile alikuwemo bibi. Bibi alifia kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, kabla ya ajali. Alichotuachia ni jumbe za sauti: anasalimia, anaimba, anagomba. Sana sana anagomba.

"Watu wa ghala wamsikilize mama yangu?" mama mdogo akasema. "Bora nifute kesi, nibaki na uchechemeaji wangu."

Wakili wetu, dada mmoja wa Kimarekani, akamtuliza, mimi natafsiri. Akasema jaji huyu hapendi makaratasi mengi kwa ugomvi kama huu. Kila upande unaandika ukurasa mmoja, halafu mawakili wanampigia simu, wanabishana kidogo, anaamua hapohapo.

Mama mdogo akacheka. "Kumbe baraza! Si ungesema mapema?"

Sasa kule kambini, majirani wakikaa kukuamulia jambo, hawaondoki midomo mikavu. Ni aibu. Kwa hiyo siku ya simu nikam-drive mpaka kwa wakili, amevaa kitenge cha kanisani, ndoo ya mandazi mapajani.

"Mama mdogo, jaji atakuwa kwenye simu."

"Kwani hana mdomo?"

Wakili aliposikia mandazi ni ya nani, nusura azimie. "Asijue kabisa! Hapa hiyo inaitwa hongo!"

"Hongo ya mandazi?" mama mdogo akaniuliza. "Jaji wao bei rahisi hivyo?"

Nikamgeukia wakili, nikamwambia mama mdogo anasema asante.

Simu ikawekwa spika. Jaji alivyoanza tu kuongea, mama mdogo akasimama, na mguu wake ule, ameshika meza. Mawakili wakavutana. Jaji akamuuliza wakili wa ghala: unatafuta nini hasa? Habari za mguu, akajibu. Basi, jaji akasema, simu inabaki kwa mwenyewe. Wakili wake atawapa picha na jumbe za mguu na kazi, kuanzia siku ya ajali. Ya nyuma yaacheni.

Nikatafsiri. Mama mdogo akakaa. Halafu akaisukuma ndoo. "Jaji kakata simu. Haya, kuleni nyie."

Wakili alikula mpaka suti ikang'aa mafuta.

Siku hizi nipo Houston. Hakuna ndege juu ya paa, na mandazi nanunua, magumu kama kisigino. Jumapili asubuhi mama mdogo ananipigia. Hanisalimii. Anaweka ile simu ya zamani karibu, anabonyeza, na bibi anaanza: "Na huyo mtoto kaamka, au bado kalala kama gunia?"

"Nimeamka, bibi," najibu, nikiwa bado kitandani.