Salamu ya Juu ya Baiskeli

Hadi leo nikipita penye kibanda cha fundi baiskeli, nikanusa grisi na mpira uliopata moto, hunijia harufu nyingine ambayo wala haipo pale: ngozi ya mbuzi iliyolowekwa. Shule niliiacha mapema, na miji niliyolala ni mingi kuliko niliyokaa, lakini harufu hiyo hunirudisha uani kwetu karibu na Ulemo, tulikokuwa tumehamia kijiji cha ujamaa.

Baba alianguka kutoka kwenye paa la nyumba yetu mpya akiezeka, akaumia nyonga. Ilipona, ila ilipona vibaya. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa njia, akibeba matenga ya kuku kwa baiskeli kijiji hadi kijiji. Sasa hakuweza kurusha mguu juu ya siti, wala kuinama kufikia usukani. Baiskeli ikaegemea ukuta, kuku wa mama wakalala juu yake. "Mavuno yakiisha naiuza," alisema baba, kama mtu anayemzungumzia ng'ombe aliyemlea mwenyewe.

Mimi sikuweza kuona nati nisiifungue. Siku moja niliteremsha siti mpaka mwisho, nikaugeuza usukani ukatazama juu. Baba akatokea. Nikangoja kofi.

"Umeiotesha pembe," akasema. Kisha akavuta kigoda, akaomba spana.

Tuliisogeza siti nyuma, tukaijaza maganda ya mahindi, tukaivika ngozi ya mbuzi iliyolowekwa, ikaukie pale pale ishike umbo. Baiskeli ikilazwa, baba aliivuka kama anavyovuka gogo, nami nikaiinua taratibu mpaka akakaa: mgongo wima, nyayo zote mbili chini.

"Tazama bwana shauri!" mama alicheka kutoka jikoni, kana kwamba amemwona mkuu wa wilaya wa enzi za wakoloni.

Asubuhi moja baba akaniambia, "Panda nyuma, tuone itatufikisha wapi." Hatukuwa na mzigo wala safari. Alikanyaga pedeli akipiga mluzi, na mimi nyuma nikiuona mgongo wake umenyooka kama zamani.

Tulikuwa tumesahau jambo moja. Kwetu, mzee hasalimiwi kutoka juu ya baiskeli, lazima ushuke. Karibu na Misigiri tulimkuta mzee akiswaga mbuzi. Baba akaisimamisha baiskeli, miguu chini, bado amekaa juu ya siti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akaikagua baiskeli, kisha baba. "Siku hizi shikamoo hutolewa mtu amekaa kitini? Basi na chai nikuletee." Akawapigia mbuzi mluzi, akaenda zake.

Baba angeweza kumweleza habari ya nyonga yake. Badala yake alichagua kushuka. Tangu hapo kila tulipomwona mzee, nililaza baiskeli, baba akaivuka, akasalimu, akaivuka tena, nikainua. Na siku ile njia nzima ilikuwa ya wazee! Mluzi ulikwisha. Jasho lilimtiririka, na kila akishuka alichelewa zaidi kunyooka. Jua lilipoanza kuinama akasema bila kunigeukia, "Tukirudi, tunaiuza. Nimechoka kuhangaika nisionekane sina adabu."

Tukaingia kijiji ambacho hata jina sikulijua, tutafute pa kulala. Mbele ya nyumba moja, bibi alikuwa akipepeta mtama. Nikaruka chini niilaze baiskeli, lakini baba alikuwa amekwisha kuanza kushuka, mguu ukamkwama kwenye bomba la baiskeli. Akauvuta, ukagoma. Bibi akaweka ungo chini, akaja, akamshika bega kwa mkono uliojaa makapi.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kabla baba hajafungua kinywa. "Kaa hapo hapo kwanza. Mmetoka mbali?"

Akamletea maji katika kibuyu. Akatupatia na chumba, akamfukuza beberu wake aliyezoea kulala humo.

Mimi nilibana kicheko. Nani huitikia shikamoo ambayo haijatolewa? Nikadhani uzee umemchanganya. Nimepiga hodi kwenye milango mingi ya watu nisiowajua tangu siku ile, na mvi zilikuwa zimeniota nilipotambua kwamba bibi aliisikia salamu ya baba katika ule mguu uliokuwa ukihangaika kushuka, akaipokea mapema ili asiumie kuimalizia.

Baba alikunywa akiwa amekaa juu ya ngozi yake ya mbuzi. Akafuta mdomo, akarudisha kibuyu kwa mikono miwili, akauliza njia ile huko mbele inakwenda wapi.